Migdalia na Sura ya Mwisho

Migdalia Echevarría alifukuzwa kazi kwa kumaliza hadithi. Kiwandani kwao, upande wa pili wa mji wa Pinar, alikokuwa akiwasomea wasokota sigara, meneja aliamuru sura ya mwisho ya riwaya isubiri, yasomwe kwanza matangazo ya uzalishaji. Yeye akaisoma sura. Kesho yake akakuta mtu mwingine kitini. Mimi meneja anayeogopa kitabu simwezi.

Kwetu nafasi ilikuwa wazi, ila msomaji haajiriwi na ofisi peke yake. Anapanda jukwaani, anatusomea huku tukisokota sigara, nasi tunapiga kura kwa visu vya kukatia majani ya tumbaku: akitupendeza tunavigonga mezani, akituchosha tunaviangusha sakafuni. Wengi nimewaona wakishuka pale kabla ya kumaliza ukurasa.

Viwanda vingine vilishamkataa, maana sifa ya ujeuri ilimtangulia. Akikosa hapa, mkoani hakukuwa na pengine pa kubisha hodi. Meneja wetu, Evelio, ni mtu mwema, lakini kunguru mwoga hukimbiza bawa lake. Alimvuta karibu na meza yangu, akamshauri akiulizwa aseme aliacha kazi kwa ugonjwa wa koo.

"Koo langu zima," Migdalia akajibu. "Utalisikia sasa hivi."

Akasoma ukurasa wa gazeti, sauti ikafika hadi mlango wa ghala. Ndipo Nereida, mkongwe wetu mwenye ulimi wa upupu, akainua uso.

"Sauti unayo, mwanangu. Mbona wenzetu wamekutimua?"

Evelio akajishika koo, kumkumbusha.

"Nilifukuzwa," Migdalia akasema. "Watu walingoja miezi kujua nani alimuua daktari, nikaambiwa niwanyime. Sikuwanyima. Na hapa nikiambiwa hivyo, mtanifukuza tena."

Nilimpenda papo hapo, nikamwogopea pia.

"Haya, nani alimuua?" Nereida akauliza.

"Nipeni kiti kwanza. Nitawaanzia sura ya kwanza."

"Jeuri huyu," Nereida akasema, akagonga kisu mezani. Nikafuata mimi, wakafuata wote, hata tukashindwa kusikilizana. Sakafuni hakikuanguka kisu hata kimoja.

Aliposhuka, Evelio alimpa mkono wa hongera, kisha akainama sikioni mwake.

"Mimi si ndiye meneja wako? Ninong'oneze tu. Ni mke wa daktari?"

"Sura ya kwanza Jumatatu, bosi," Migdalia akamwambia. "Tafuta benchi, ukae na wenzako."