Manju anayelima kimya

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Litapunga. Mvua ya jana imelainisha udongo, na Masalu Malale (54) anapiga tuta la nne. Analima peke yake, bila wimbo, na kila baada ya hatua chache anasimama kushika kiuno. Nyuma yake mkewe, Kabula, anafukia mbegu za mahindi.

Mpita njia ataona mkulima tu. Wasukuma wa hapa wanaona aibu, maana Masalu ni manju wa bugobogobo, ngoma ya kulimia, na manju hapigi matuta mwenyewe.

Utaratibu wao ni huu: vijana thelathini hujipanga mstari mmoja, ngoma nyuma yao, wakalima shamba la mwenzao kwa mdundo. Kesho wanahamia kwa mwingine. Manju hutembea mbele ya mstari akiimba, na ujira wake ni kwamba shamba lake hulimwa la kwanza mvua zikianza.

“Watu wanadhani naimba ili wafurahi,” anasema. “Mimi naangalia miguu. Nikiona wa mwisho amechoka, nashusha wimbo. Tukikuta visiki, naupunguza kabisa. Mvivu namtaja jina wenzake wasikie. Wimbo ndiyo kazi yenyewe, mwanangu.”

Alihamia wilaya hii ya Mpanda mwaka 1984 akitokea Kwimba, na ng'ombe kumi na mmoja. Kundi likimaliza ekari zake mbili kwa asubuhi moja, alikuwa akivuna magunia ishirini na mawili. Mwaka huu, 1996, alivuna manne.

Hakukuwa na ukame wala nzige. Kulikuwa na wageni.

Novemba 1993 bwana mmoja wa kamati ya mapokezi alifika na pikipiki kutafuta ngoma ya kumlaki mkubwa fulani. Mgeni njoo mwenyeji apone, Masalu akakubali kwa moyo mweupe. Uwanjani Shanwe, Mpanda mjini, wakagawiwa majembe ya mbao yaliyopakwa rangi ya fedha, wasije wakachimba uwanja.

Wakati wa mazoezi aliimba beti za dada yake, Nyanzala, aliyekufa mwaka mmoja kabla. Alipelekwa zahanati kujifungua, akakuta mlango umefungwa, akafia pale barazani. Masalu alimtungia wimbo, na kwa msimu mzima vijana walilima nao mashamba ya watu, kimya, mdundo ukiwa chini.

Bwana wa kamati alisikiliza, akatikisa kichwa. “Mzee, hiyo ya zahanati iondoe. Mgeni anataka burudani, wewe unamletea matanga.”

“Nikaiondoa,” Masalu anasema. “Hapo ndipo nilipoharibu. Vijana waliona maneno yametolewa na ngoma inaendelea, watu wanashangilia vilevile. Basi wakajiuliza, manju wa nini?”

Tangu hapo wageni hawajakoma, na sijui nani aliwaambia wakubwa kwamba safari nzuri ni ya Novemba na Desemba. Msimu uliopita kundi liliitwa mjini mara nne ndani ya wiki tatu za kupanda. Vijana walirudi na fulana mpya, wameshiba pilau, wamechoka. Shamba la manju, lililokuwa la kwanza, likawa la mwisho, na baadaye likasahauliwa.

“Nilimwambia baba Minza, twende tukalime wenyewe,” anasema Kabula. “Akakataa. Akasema watakuja. Tukapanda mwezi wa kwanza, mahindi yakakaukia njiani.”

Wiki mbili zilizopita waliitwa tena Shanwe. Safari hii Masalu alikwenda na lake moyoni: angemrudisha Nyanzala kwenye wimbo, liwalo na liwe. Alipofungua ubeti wa kwanza tu, ngoma kubwa ikapanda ghafla ikamfunika. Watu wakapiga makofi. Mama mmoja akatoka kwenye umati akamfunga khanga shingoni. Mcheza kwao hutunzwa, wanasema. Huyu alitunzwa kwa wimbo ambao hakuna aliyeusikia.

Aliyepiga ngoma ile ni Amosi (23), mpwa wake. Marehemu Nyanzala ndiye aliyemzaa.

Nilimfuata nyumbani kwake nikiwa nimekwishamhukumu. Hakuona haya kunijibu kuhusu mashamba. “Shambani nani anatuona? Mjini tunapigwa picha. Nyie mnataka tuzeekee kwenye matuta?”

Nilipomuuliza kuhusu wimbo wa mama yake, aliinama.

“Mgeni alikuwa ameshasimama anacheza,” alisema. “Mjomba anataja jina la mama, yule anatikisa mabega, watu wanacheka. Mama yangu siyo wa kuchezewa pale. Nikapiga kwa nguvu asisikike. Ningefanyaje?”

Maneno hayo nilimpelekea Masalu leo shambani. Siku zote hizi alidhani mpwa wake amemuuza kwa fulana. Anaketi juu ya tuta, jembe magotini, na machozi yanamtoka bila kuyafuta.

“Kumbe alisikia,” anasema. “Yeye peke yake uwanja mzima alisikia.”

Baadaye anamwita binti yake, Minza, na kumtuma kwa Amosi. Zimebaki ekari moja na nusu, na mvua hizi hazisubiri mtu. Ujumbe ni mfupi: aje Jumamosi, aache ngoma nyumbani, abebe jembe la chuma. Akiweza aje na wenzake, asipoweza aje hivyo hivyo. Mjini Masalu hataimba tena, hata aje nani.

“Nitauimba wote, mpaka pale mlangoni pa zahanati,” ananiambia. “Alime akilia, mimi nitamwangalia miguu. Hakuna wa kupiga makofi hapa.”

Na Amosi asipokuja?

Masalu anasimama, anatema mate viganjani na kushika mpini. “Basi nitamaliza mwenyewe, na nitakufa na wimbo wangu mdomoni.”