Mzee Asiyetaka Kufa Mwaka Huu

"Nesi, nipe dawa ya kunisogeza mbele kidogo. Sitaki kufa mwaka huu," alisema mzee aliyenitangulia kwenye dirisha la dawa, zahanati ya kijiji kimoja huku Karatu.

Nesi akacheka. "Kwani mwaka huu una nini, babu?"

"Tangu uchaguzi, watu wa chama kile hawachimbi kaburi la mtu wa chama hiki. Juzi jirani yangu kachimbiwa na watu wanne tu. Wengine walisimama barabarani, majembe begani, wakitazama."

"Na wewe ni chama gani?"

Mzee akafunga vidonge vyake kwenye leso, taratibu.

"Mimi nimewachimbia wote."

Foleni ilikuwa na wanaume saba, wote wazima wa mikono. Kila mmoja alikuwa anatazama viatu vyake, nami nikiwemo.