Mbuzi wa Upendo

Nakumbuka asubuhi moja nikiwa msichana, hapa hapa Mgeta, bibi yangu mzaa mama alipotufikia akitweta kwa kilima, akaingia jikoni na kufunua sufuria la uji wa mdogo wangu. Mdogo wangu alikuwa ameachishwa ziwa. Kila siku alishiba, tumbo limemtangulia, lakini nywele zilikuwa zimebadilika rangi na kucheka alikuwa ameacha. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni, na sikuelewa: mtu anashibaje huku anaisha?

Bibi akaukoroga ule uji mweupe wa muhogo, akamtazama mama.

"Maharage yako wapi?"

"Yamepanda lori, mama. Yamekwenda Dar."

"Na mayai?"

"Nayo pia."

"Basi huyu mtoto unamjaza tu, humlishi."

Nyama hakuiulizia kabisa, maana sisi tuliiona Krismasi na Pasaka. Tangu siku hiyo maharage na karanga vilisagwa vikaingia kwenye uji. Haikuwa haraka, lakini mdogo wangu akarudi. Leo ni mjomba wako huyo huyo asiyenyamaza kwenye vikao vya ukoo.

Mwanangu, nimekuwa nikiliwaza jambo hili tangu Pasaka, ulipokuja na mumeo na mjukuu wangu Upendo, ukaniambia kwa upole kwamba nyumba yenu ya Morogoro mjini imeacha nyama, samaki, mayai, maziwa na asali. Jogoo nilikuwa nimeshamchinja! Sikukasirika, nilishangaa tu, na mshangao wenyewe bado ninao. Hata asali? Nyuki naye amewakosea nini?

"Mama, mifugo inamaliza misitu na maji," ukasema.

Hilo nimelitafuna sana nikiwa shambani. Huenda kwingine ni kweli. Huku kwetu ng'ombe hata kusimama kwenye mteremko ni kazi. Msitu niliouona ukiisha uliondoka ili tulime kabichi na viazi, na mvua ikinyesha udongo wetu unaishia mtoni. Tena hizo mboga mnazonunua sokoni, nyingi zimekuzwa kwa samadi ya mbuzi. Sasa nauliza kwa kutaka kujua kweli: ukila alichokiotesha mbuzi, umemwacha au bado uko naye? Ukipata jibu, niletee.

Kwa Upendo lakini sitanii. Ndiyo kwanza ameacha ziwa, na mimi nikimwona nakumbuka mgongo wangu ulivyokuwa ukihisi wepesi wa mdogo wangu. Naogopa, mwanangu. Nilimuuliza nesi wa zahanati yetu, akaniambia mtoto anaweza kukua vizuri bila nyama wala maziwa, ila si kwa kubahatisha. Iko vitamini inaitwa B12 ambayo mimea haina, lazima aipate kwa njia nyingine.

Kwa hiyo mpeleke kliniki, uwaambie wazi mnachokula, usifiche kwa kuogopa kuchekwa. Uji wake uwe na maharage na karanga zilizosagwa laini, na mchicha usikosekane. Wakikwambia anahitaji yai au maziwa, mpe, wala usijione umeshindwa. Msimamo ni wako, mwili ni wake. Na kama ni misitu mnayoihurumia, ulizeni pia mboga zenu zimelimwa wapi, na kama mkulima amechimba matuta ya kuzuia udongo.

Tangu mbuzi wa maziwa walipofika Mgeta, nyumbani kwetu mtoto wa binti akiachishwa ziwa, bibi humtengea mmoja. Wa Upendo amezaa juzi. Sitamuuza. Kama mjukuu wangu hamhitaji, maziwa nitakunywa mwenyewe, samadi nitaitia kwenye maharage, na safari hii maharage yatapanda lori yakimfuata mtoto.

Mungu awape afya nyote watatu, na amjalie Upendo kicheko kikubwa, mkija tena nikisikie kabla hamjamaliza kupanda kilima.