Mchicha kwenye Shamba la Vita

Mama alipofika Toronto alikuwa bado mwanamke wa kuamka kabla ya jogoo. Kufikia mwisho wa majira yake ya kwanza ya baridi, alishinda dirishani katika fleti yetu ya Mount Dennis, leso mabegani, haulizi kitu wala hataki kitu. Mimi ni muuguzi. Nimewaona wazee wakizimika hivyo, polepole, bila ugonjwa wenye jina. Nikitoka kazini nilikuwa nikisimama kwanza nje ya mlango, nisikilize kama kuna sauti ya vyombo, ndipo niingize ufunguo.

Aliyetuokoa ni dada mmoja wa kanisani. Alikuwa amekodi kipande cha shamba upande wa Niagara, kwa mzee wa Kizungu ambaye nguvu za kulima zilikuwa zimemwishia. Dada huyo alipohamia mji mwingine, akatuachia. Siku ya kwanza Mama alishuka garini, akachota udongo, akaunusa, kisha akaniambia, "Haya. Leta jembe."

Tulipanda mchicha, mnavu na kunde. Kila Jumamosi tulikwenda, na Mama akaanza kula tena. Akaanza hata kugombana na dada zake kwenye simu, jambo lililonifurahisha kuliko dawa yoyote. Yeye na yule mzee hawakuwa na lugha moja, lakini walielewana kwa kunyoosheana vidole: wadudu hawa, mvua ile, sungura huyu mwizi.

Siku moja jembe la Mama liligonga kitu. Akainama, akaokota kitu kama gololi, cha kijivu, kizito kuliko ukubwa wake. Mzee alipokiona alicheka, akatupeleka barazani kwake na kutuonyesha beseni lililojaa vitu kama hivyo. Zilikuwa risasi. Zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, alisema, Waingereza na Wamarekani walipigana hapa, katikati ya ngano ya babu zake, na plau bado inazifukua.

"Na waliopigwa nazo?" Mama aliuliza. Nikatafsiri.

Mzee akapitisha mkono juu ya shamba lote. "Wengine hawakupatikana kamwe."

Niliingiwa na hofu kwamba Mama hatakubali tena kula kilichoota pale. Lakini alirudi kwenye tuta lake. "Kwetu Taveta pia Mwingereza na Mjerumani walikuja kupigania mashamba ya watu," alisema. "Tulipochunga mbuzi tuliokota maganda ya risasi. Hakuna aliyeacha kula." Hata hivyo, tangu siku hiyo, kabla hajainua jembe nilimsikia akisema kwa sauti ndogo, "Hodi."

Kisha jirani wa yule mzee akauza. Matingatinga yakaja, na kabla ya mavuno nyumba mpya zenye mapaa yanayofanana zikawa zimefika kwenye uzio wetu. Ndipo mzee alipotueleza alichokuwa akikifikiria. Kulikuwa na shirika la kuhifadhi ardhi lililotaka atie saini mkataba. Shamba lingebaki lake. Angeweza kulima, kuuza, kurithisha. Ila haki ya kujenga juu yake ingeondolewa milele, na kila atakayelimiliki baadaye angefungwa na ahadi hiyo. Alitaka sana. Tatizo, jina la binti yake lilikuwa kwenye hati ya shamba pamoja na lake, na binti alikuwa amekataa.

Tangu hapo, kila Jumamosi tulipokata kona ya mwisho, macho yangu yalikuwa yakitafuta kibao cha kuuza shamba. Mama hakujua niliogopa nini. Alidhani naendesha vibaya tu.

Binti alikuja mwisho wa kiangazi. Alikuwa wa rika langu, na uchovu wake niliutambua, maana ulifanana na wangu. Mzee alituita barazani, nadhani alitaka mashahidi.

"Wewe utakufa, Baba," binti alimwambia, si kwa ukali. "Mimi nitabaki na shamba nisiloweza kulilima, na hakuna atakayelinunua kwa bei ya maana. Unawapenda wafu hao kuliko mimi?"

Binti akanigeukia. "Muulize mama yako. Yeye angewafunga watoto wake hivi?"

Nilimtafsiria Mama, huku moyoni nikiomba ajibu vizuri. Na vizuri kwangu wakati ule ilikuwa ni jibu la kutuachia shamba.

Mama alifuta mikono kwenye leso. "Mwambie mimi sikuwafunga. Baba yako alipokufa niliuza shamba la chini, lile la mferejini, nawe ukasomea uuguzi. Sasa pale kuna maghala. Siwezi hata kuonyesha mfereji ulipopita. Mpaka leo nauota. Lakini ningeulizwa tena, ningeuza tena."

Nyuma ya Mama niliuona mchicha, mwekundu kwa jua la jioni. Nilitafsiri yote, na sentensi ya mwisho pia.

Binti hakushangilia. Alikaa kwenye ngazi ya baraza. "Hiyo ndoto," aliuliza, "inamwogopesha?"

"Ni mfereji tu," Mama alisema. "Maji yanapita."

Mzee aliinuka, akaingia ndani na kufunga mlango.

Njiani kurudi nilishindwa kunyamaza. "Mama, ungeweza kusema hujui."

"Ameniuliza kama mzazi. Nimdanganye?"

Baridi ilirudi, na Mama akarudi dirishani. Nilimpigia mzee mara kadhaa. Simu iliita mpaka ikachoka. Nilianza tena kusimama nje ya mlango wangu mwenyewe. Niliwaza kumpeleka Mama nyumbani, kisha nikawaza ni nani angemtunza huko, kisha nikaacha kuwaza kwa sababu nilikuwa na zamu.

Theluji ilipoanza kuyeyuka, binti ndiye aliyenipigia. Walikuwa wametia saini. Kipande cha kando ya barabara kimebaki huru, chake, ajenge au auze. Sehemu nyingine yote, pale palipopiganiwa, haitajengwa kamwe. Nilikaa chini kwa furaha. Ndipo akaongeza kwamba watu wa shirika wamepima, na bustani yetu iko katikati kabisa ya uwanja wa vita. Kwa ajili ya wafu waliomo, jembe halitaingia pale tena. Tungepewa nafasi nyuma ya banda la ng'ombe.

Mama aliposimama nyuma ya banda, aliuponda udongo kwa vidole. "Huu ni wa kufinyanga vyungu," alisema. Mzee alikuwa amesimama mbali kidogo, kofia mkononi. Hawakuwa wamesemezana tangu siku ile ya baraza. Alikuwa amemwaga samadi juu ya kipande chote.

"Mwambie samadi yake haijaoza."

Nikamwambia. Mzee akasema anajua, hana nyingine. Mama akanyoosha mkono nimpe jembe.

Mkono wa mzee siku hizi unatetemeka hata akishika kikombe, na binti yake hajatuahidi chochote. Mkataba unailinda ardhi, hautulindi sisi. Hilo sijamwambia Mama. Mwaka ule mchicha ulitoka mwembamba, majani kama ulimi wa paka. Mama aliupika vivyo hivyo, akalalamika kila tonge, na Ijumaa jioni akaanza kutafuta viatu vyake vya shambani.