Kutembea na Moyo Uliochoka

Asubuhi ya kwanza niliyotoka kutembea naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu mama mkwe alinifuata nyuma na kigoda mkononi.

Tuliishi mtaa wa Ngarenaro, miaka ile nguo za mitumba zilipoanza kujaa mjini. Nilikuwa nimejifungua mtoto wa pili, miguu ikavimba, nikawa silali bila kuegemea mito. Hospitali wakasema misuli ya moyo imedhoofika. Nilipopata nafuu, daktari akataka nianze kutembea taratibu, nisibaki kulala tu.

Mama mkwe, Mmeru aliyeshuka kutoka mlimani kuja kuniuguza, alikataa. Dada yake aliishiwa pumzi akitoka kuteka maji, akafa njiani. Akavificha viatu vyangu, mpaka alipokwenda mwenyewe kwa daktari, akaambiwa nitembee huku naongea. Nikishindwa kuongea, nikae.

Basi akaniongelesha njia nzima. Tulipofika kwenye gereji nikaona aibu, mwanamke kijana kufuatwa na kigoda. Nikaongeza mwendo. Akaniuliza habari za jirani. Nikafungua mdomo, sauti haikutoka. Moyo ulikuwa unarukaruka, jasho la baridi linanitoka. Nikawaza wanangu watalelewa na nani.

Akanikalisha pale pale, mafundi wakitutazama. 

"Hawa mafundi utawaona tena kesho," aliniambia. "Mimi nataka wanao nao wakuone kesho."

Tulirudi hospitali. Daktari akanipima, akabadilisha dawa, akanipumzisha. Baadaye akaniruhusu kuanza upya, uani tu. Ilichukua miezi kufika barabarani bila kukaa. Moyo haukurudi kama zamani, na hadi leo kila mlima nauogopa kidogo. Lakini yule mtoto wa pili nilimsindikiza kanisani siku ya ndoa yake, kwa miguu.

Sasa nawe umeambiwa moyo wako umetanuka, na nakuona unaogopa hata ngazi. Mwanangu, hofu isikufunge kitandani, wala aibu isikukimbize. Daktari akupime kwanza, akwambie kiasi chako. Tembea na mtu, ongeeni. Kifua kikibana au kizunguzungu kikija, kaa hapo hapo, watu watazame wapendavyo, kisha urudi kwa daktari.

Mungu akupe pumzi ya kila hatua, na mtu wa kukungoja unapopumzika.