Mshumaa Chini ya Mzabibu

Mwanangu, weka simu hiyo mfukoni, ukae hapa ngazini kidogo kabla hujashuka. Mapipa yatakusubiri. Kuna mchana mmoja ninaoukumbuka, kwenye ngazi hizi hizi, jua la mtaa huu wa Jeppestown likichoma mabati, na mpaka leo nikiukumbuka nywele zinanisimama.

Mimi na mjomba wako Faustin tulikuwa bado wageni, tumetoka Bukavu na begi moja kila mtu. Mimi nilikuwa nashona nguo barazani, yeye alikuwa akichomelea vyuma kwenye karakana ya jirani. Nyumba ilikuwa ya mjane wa Kireno ambaye mtaa mzima ulimwita Gogo, yaani bibi kwa Kizulu. Alitusemesha kwa Kireno kilichochanganyika na Kizulu, sisi tukamjibu kwa Kifaransa, na ajabu ni kwamba tulielewana. Usicheke, ndivyo Joburg ilivyo.

Mzabibu huu Gogo aliukuta. Hata mumewe aliukuta, na mzee aliyemuuzia mumewe nyumba alisema hivyo hivyo. Shina lilikuwa tayari nene kama kiuno cha mwanamume, limejisokota, na mizizi yake imepenya matofali mpaka chumba cha chini, inaning'inia ukutani juu ya mapipa. Mzabibu mkongwe hauzai sana. Unatoa vishada vichache, zabibu ndogo nyeusi, lakini divai yake ni nzito, na utamu wake unakaa kinywani hata baada ya kuondoka mezani.

Tulizikanyaga ndani ya mabeseni uani, tukicheka, miguu myekundu mpaka magotini, halafu maji na maganda yake tukayamimina kwenye mapipa huko chini. Yanachemka yenyewe bila moto. Ukiwa jikoni unayasikia yakinong'ona. Maganda huelea juu, na kila siku lazima mtu ashuke ayasukume kwa mti, la sivyo divai yote inageuka siki.

Gogo alikuwa na sharti. Anayeshuka hujifunga kamba kiunoni, na mshumaa unaowaka anaushika chini, usawa wa magoti. Mshumaa ukizima, anageuka na kupanda. Hana ruhusa ya kuuwasha tena. Tulipomuuliza ni nani anayeuzima, alijibu, "Mzabibu nao unahema, na ukihema haumbakizii mtu."

Faustin aliona huo ni ushirikina wa wazee. Mchana huo alirudi na tochi mpya ya betri, akammulika Gogo usoni.

"Gogo, hii haizimike. Hata yapulize mashetani yote ya Joburg!"

Gogo alimjibu neno moja tu: mshumaa. Faustin alicheka, akakubali kamba peke yake ili kumfurahisha mzee, akashuka. Nilishika mwisho wa kamba, pini zangu za kushonea bado ziko mdomoni.

Nikasikia mti ukipiga maganda. Kisha ukanyamaza. Kisha nikamsikia mdogo wangu akiongea, na hakuwa akiongea na mimi. Sauti yake ilikuwa ya adabu, ile ya kumjibu mtu mzima.

"Ndiyo, mzee. Ninakuya. Acha nikae kidogo."

Mwanangu, kule chini hakukuwa na mtu.

Nilimwita, hakuitika. Tochi ilikuwa bado inawaka, imetulia, inaangaza mizizi ukutani kana kwamba hakuna kilichoharibika. Nikaiachia kamba, nikaanza kushuka. Gogo, ambaye hata kwenda uani alihitaji fimbo, alinikamata nywele akanirudisha juu kwa nguvu ambazo sijui alizitoa wapi.

"Ukimfuata nitazika wawili. Vuta!"

Nilimchukia wakati ule, nilimchukia kabisa. Lakini nilivuta huku nikipiga kelele, vijana wa karakana wakaja mbio, tukamburuta Faustin ngazi kwa ngazi mpaka uani. Midomo yake ilikuwa na rangi ya zabibu. Gogo akampiga makofi mashavuni, akiita jina lake, mpaka akakohoa, akatapika, akafungua macho.

"Na ule mzee?" akauliza. "Mbona mumemuacha? Ule wa kofia, aliyekaa karibu ya pipa. Aliniambia nikae, nipumzike."

Gogo aliketi palepale kwenye udongo. Ndipo alipotueleza kwamba mumewe alifia kwenye chumba kile, msimu kama ule, kofia yake ikiwa kichwani. Hakuwahi kutuambia, wala nyumbani hakukuwa na picha yake. Halafu akatikisa kichwa.

"Huyo siye," alisema. "Mume wangu asingemwambia mtoto wa watu akae pale."

Baadaye daktari alinieleza kwamba zabibu zikichemka hutoa hewa nzito, inajaa chumba kuanzia sakafuni, na mtu anaivuta mpaka anazimia. Namwamini. Habari ya kofia hakunieleza.

Divai ile tuliifungua Krismasi. Gogo alimwaga glasi ya kwanza shinani, kama ninavyofanya mimi, kisha tukanywa. Faustin naye aliomba aongezwe. Ilikuwa tamu kuliko zote nilizowahi kuonja, na hilo ndilo lililonitia hofu.

Basi nasaha yangu ni hii. Taa ya simu yako ni nzuri, lakini itaendelea kuangaza hata ukiwa maiti. Mshumaa unahitaji hewa ile ile unayoihitaji wewe, ndiyo maana unakuonya. Ukizima, panda, usibishane. Na mwenzako akianguka humo, usimfuate na machozi yako. Vuta kamba, ita watu.

Mwaka huu magoti yangu yamezikataa ngazi, kwa hiyo unashuka wewe. Siku moja sitakuwepo hata hapa juu. Ukisikia sauti yangu kule chini inakuita kwa jina, inakwambia ukae upumzike, usiitike. Mama yako hawezi kukukaribisha mahali ambapo mshumaa hauwaki.

Haya. Mungu akutangulie kwenye kila ngazi, akupandishe mzima, na divai yako uinywe pamoja na walio hai. Sogea nikufunge kamba.