Kombe la Pumba

Msimu ule timu yetu ya basketi ya wasichana, pale chuoni Mbugani, ilicheza mechi tisa na kufungwa zote tisa. Sababu tulikuwa nazo. Wakati wa mavuno nusu ya uwanja wetu huanikwa mpunga, kwa hiyo tulizoea kuchezea goli moja, na tukipelekwa kwenye uwanja mzima pumzi zilikata kabla ya mapumziko. Mimi nilikuwa kapteni, na mdomo wa kueleza sababu hizo nilikuwa nao.

Vyuo vilivyoshinda vikaenda Mbeya. Ndipo ikaja barua: vyuo vinne vilivyoshika mkia vinakaribishwa kwenye bonanza Itungi, kando ya ziwa. Nikacheka. Nikasema mchele umeshaenda Mbeya, hili ni kombe la pumba, na mtu mwenye haya akishafungwa mara tisa hutulia nyumbani. Kocha, mwalimu wetu wa hisabati, aliniunga mkono. Alisema hataki kufungwa mara ya kumi ili tu hesabu ikae vizuri.

Tukapiga kura. Tulionyoosha mikono kukataa tulikuwa wengi. Kisha akasimama mchezaji wetu mrefu kuliko wote, binti wa mfinyanzi kutoka vijiji vya ziwani, ambaye kwa kawaida hasemi.

"Dada kapteni, mimi namaliza chuo mwezi ujao. Mama hajawahi kuniona nikicheza. Mbeya hafiki, ila Itungi huwa analeta vyungu vyake. Kama ni kufungwa, basi aone hata ninavyofungwa."

Nikashusha mkono, na wenzangu wakashusha yao.

Itungi tulifungwa mechi ya kwanza asubuhi, mama yake akiwa bado hajafika. Nilimshukuru Mungu kwa hilo. Mchana tukagombea nafasi ya tatu na chuo ambacho uwanja wao huanikwa kokoa, kwa hiyo nao walikuwa watu wa goli moja. Wote tulihema kwa usawa.

Mama wa yule binti alikuwa ameshafika, akakaa pembeni na vyungu vyake, akajifunza haraka kwamba mpira ukiingia goli la upande wa ziwa ni wetu. Baada ya mapumziko timu zikabadilishana magoli, na hakuna aliyemwambia. Kila wapinzani walipofunga, mama alipiga vigelegele. Mwanawe alicheka hadi akapoteza mpira.

Zilipobaki sekunde chache tulikuwa nyuma kwa pointi moja. Nikatupa, mpira ukagonga ringi. Yule binti akaruka, akaudaka juu ya vichwa vya watu, akautumbukiza. Tukashinda. Mama akainamisha kichwa kwa huzuni mpaka mwanawe alipomkimbilia kumweleza, ndipo akapiga vigelegele peke yake, wengine wameshamaliza. Mimi niliyeliita kombe la pumba nililia mbele ya watu wote.

Siku hizi nafundisha huko Ngonga, na hukutana na mama huyo sokoni. Hunishika mkono na kuwaonyesha wateja wake.

"Huyu alikuwa kapteni wa mwanangu," huwaambia. "Timu yao haikufungwa hata siku moja. Mimi nimeona kwa macho yangu."

Wateja huniangalia kwa heshima. Nami humshukuru kwa lugha ya kwao, "Ndaga, mama," nikachagua chungu.